Mume Wangu Aliajiriwa Saa Kumi na Moja

Maswali ya imani kutoka kwa wasomaji. Anayejibu ni katekista mstaafu wa Nakuru, aliyefundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kwa miaka 34.

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, Mama Katekista. Mimi ni mjane wa miaka 61, nauza omena sokoni Kibuye, Kisumu. Nilifunga ndoa kanisani nikiwa na miaka 22. Kwa miaka 38 mume wangu aliingia kanisani Krismasi tu, na si kila Krismasi. Chang'aa ilimmeza. Karo ya watoto niliilipa mimi, gorogoro kwa gorogoro. Mara mbili alinipiga mpaka nikaenda kulala kwa dada yangu Ahero. Pamoja na hayo sikuacha Misa ya Jumapili, sikuacha jumuiya, sikuacha rozari.

Mwaka jana ini likamshinda. Siku kumi na moja kabla ya kufa akasema mwenyewe, niitieni padre. Akaungama, akapakwa mafuta, akapokea Komunio, akafa ametulia kama mtoto aliyeshiba. Siku ya mazishi padre alihubiri juu ya yule mwizi aliyetubu msalabani kando ya Yesu, watu wakalia kwa furaha. Mimi pia nililia, lakini sitakudanganya, haikuwa furaha yote. Jioni kitinda mimba wangu akaniambia, "Mama, kumbe Baba alikuwa mjanja kuliko wewe." Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Halafu kuna jirani yangu aliyeokoka. Anasema sisi Wakatoliki tunafanya kazi kama vibarua wasiojua kama watalipwa, lakini yeye taji yake anayo tayari, hata akifa usiku huu. Nikiangalia, mume wangu alikufa na uhakika, jirani ana uhakika, na mimi niliyevumilia ndiye sina. Thawabu yangu ni ipi?

Mjane, Kisumu

JIBU

Milele amina, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu maharagwe yaliungua jikoni. Sitakuambia uone haya kwa uchungu huo. Yesu aliujua, ndiyo maana akautungia mfano na kuuacha useme kwa sauti yake wenyewe: "Hao wa mwisho wametenda kazi saa moja tu, nawe umewasawazisha na sisi tuliostahimili taabu na hari za mchana kutwa." Hiyo ni Mathayo 20:12, na wewe umeiandika upya kwa kalamu yako.

Mwenye shamba wa mfano ule alitoka alfajiri, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja, na jioni akawalipa wote sawa, dinari moja moja. Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati hapa, kwa sababu saa za Injili ndizo saa zetu. Saa kumi na moja ni jioni, vivuli vimerefuka, kazi imebaki saa moja. Hakuna haja ya kuelezwa.

Mimi saa hiyo niliijua kabla sijaijua Biblia. Mama yangu alitutoa kwetu karibu na Mukumu akatuleta Njoro kutafuta kibarua, na nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilisimama naye kando ya barabara kabla ya jua kutoka. Nyapara alikuja na trakta, akatazama mabega ya watu, akanyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Mama alikuwa mdogo wa mwili, kwa hiyo siku nyingi kidole kilimpita. Trakta likishaondoka hatukurudi nyumbani, maana huenda shamba lingine lingehitaji watu. Tulibaki pale pale. Saa tatu ikapita, saa sita ikapita. Mama alikuwa amejifunga leso tumboni kukaza njaa, na namkumbuka akilifungua lile fundo na kulifunga tena, kila mara akilisogeza juu kidogo, bila kusema kitu. Aliyechukuliwa alfajiri aliumia mgongo kwa jembe, ndiyo. Lakini tangu alfajiri alijua kwamba jioni watoto wake watakula.

Ndiyo sababu siwezi kusikia watu wakisema wale wa saa kumi na moja walikuwa wamestarehe. Walipoulizwa mbona wamesimama mchana kutwa, walijibu, "Kwa kuwa hakuna mtu aliyetuajiri." Mume wako hakuketi kivulini miaka 38, dada. Alisimama sokoni bila bwana. Wewe ndiye uliyemfungulia mlango usiku, kwa hiyo unajua kuliko mimi kama sura ile ilikuwa ya mtu mwenye raha.

Mwambie kijana wako hivyo. Mwambie pia kwamba anayepanga kutubu siku kumi na moja kabla ya kufa ana kazi moja ngumu, nayo ni kuijua tarehe. Wezi walikuwa wawili, walitundikwa wakati ule ule, umbali ule ule na Yesu, na ni mmoja tu aliyeomba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu cha mafundisho yake, namba 2092, inaiita dhambi hali ya mtu kutegemea huruma ya Mungu huku hataki kuongoka. Baba yake hakufanya ujanja. Baba yake aliitwa jioni akaitika, na mwanawe asicheze na saa ambazo hakuziumba.

Sasa nije kwako, kwa sababu ulichouliza ni thawabu yako.

Kuna aya moja ningetaka uiandike kwenye karatasi uibandike juu ya meza yako ya omena. Ni Waebrania 6:10: "Maana Mungu si dhalimu hata aisahau kazi yenu, na pendo lile mlilolidhihirisha kwa jina lake." Angalia neno lililotumika. Mwandishi hakusema tu kwamba Mungu ni mwema, kwa hiyo huenda akakumbuka. Amesema Mungu si dhalimu, yaani kusahau kungekuwa dhuluma. Maaskofu waliokutana kwenye Mtaguso wa Trento waliishika aya hiyo hiyo mwaka 1547 walipoeleza jinsi uzima wa milele ulivyo neema iliyoahidiwa wana wa Mungu na, papo hapo, ni thawabu ya matendo yao mema. Wakaweka yote mawili pamoja wasikubali kulitupa hata moja. Zile gorogoro za karo zimeandikwa. Asubuhi za Jumapili ulizokwenda Misa na jicho limevimba zimeandikwa.

Lakini ukiniuliza tunamdai Mungu, nitakujibu hapana. Namba 2007 ya Katekisimu inasema kwamba mbele ya Mungu, kwa haki kamili, mwanadamu hana anachoweza kumdai, kwa kuwa kila kitu tumekipokea kwake. Tunastahili kwa sababu yeye mwenyewe alipenda kutushirikisha kazi yake, akaahidi, na hawezi kuivunja ahadi yake. Mtoto wa miaka mitano akimsaidia mama kuanika omena, nusu zinamwagika mchangani, na jioni mama anamwambia "umenisaidia sana," kisha anampa mandazi. Jua ni la Mungu, omena ni za mama, hata mkono wa mtoto ulilishwa na mama. Na bado yale mandazi ni ya mtoto kweli, ameyapata kwa kazi, na angelia kwa haki kama asingepewa.

Thawabu yenyewe ni nini? Abramu aliambiwa katika Mwanzo 15:1, "Mimi ni ngao yako, na thawabu yako kubwa sana." Mungu hakusema nitakupa, alisema mimi ndiye. Dinari ile moja ya jioni Mababa wa Kanisa waliielewa kuwa ni uzima wa milele, na uzima huo ni Mungu mwenyewe kuonwa uso kwa uso. Ndiyo maana mwenye shamba hakuweza kuikata vipande. Huwezi kumpa mtu robo ya Mungu.

Usidhani basi kwamba miaka 38 haina tofauti yoyote. Mtaguso wa Firenze, mwaka 1439, ulifundisha kwamba watakatifu wote wanamwona Mungu jinsi alivyo, lakini mmoja humwona kwa ukamilifu kuliko mwingine kadiri ya mastahili yao. Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu alipokuwa mdogo jambo hili lilimsumbua, dada yake akachukua bilauri kubwa ya baba yao na kastabini ya kushonea, akavijaza maji vyote, akamwuliza kipi kimejaa zaidi. Kwetu Kaptembwo ningekuonyesha kwa mtungi wa lita ishirini na kikombe cha chai pale bombani. Vyote vimejaa mpaka mdomoni, hakuna kinachokionea kingine kijicho. Kila ulipopenda wakati ilikuwa rahisi kuchukia, Mungu alikuwa akipanua chombo. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikifanyika ndani yako wakati ulidhani unavumilia tu.

Na hapa nifike kwenye jambo lililonichukua nusu ya maisha kulielewa. Kudumu kwenyewe ni zawadi. Tunazungumza kana kwamba neema ilitufikisha kwenye ubatizo, halafu tangu hapo tukatembea kwa miguu yetu mpaka kwenye thawabu. Kanisa halisemi hivyo. Mtakatifu Agostino, askofu wa Afrika ya Kaskazini, akiwa mzee karibu na kufa kwake, alifundisha kwamba kudumu hadi mwisho ni kipaji cha Mungu, na kwamba Mungu anapotutawaza kwa mastahili yetu anavitawaza vipaji vyake mwenyewe. Maneno hayo yamo hadi leo katika sala ya utangulizi wa watakatifu kwenye Misa. Thoma wa Akwino, Mwalimu wa Kanisa, alikwenda mbali zaidi, akasema neema hiyo ya kudumu hatuwezi hata kuistahili kwa matendo. Tunaiomba.

Mimi nililijua hilo darasani kabla ya kulijua mwilini. Kifungua mimba wangu alifariki katika hospitali moja kwa uzembe ambao hakuna aliyewahi kuniomba radhi kwao. Nilikuwa katekista tayari. Niliacha Misa miezi kumi na tisa. Padre alikuja mara mbili, nikajificha chumbani kama mtu mwenye deni. Kulikuwa na bibi mmoja wa jumuiya yetu, mjane kama wewe, asiyejua kusoma. Kila Alhamisi saa kumi alikuja na fungu la kunde limefungwa kwa gazeti, akaliweka mlangoni, akageuza ndoo yangu ya kufulia akaikalia, akaanza rozari kwa sauti. Alisema nusu ya Salamu Maria mpaka "na Yesu, mzao wa tumbo lako, amebarikiwa," kisha akanyamaza. Akanyamaza muda ule ule ambao mtu angetumia kujibu. Halafu akaanza inayofuata. Aliniachia nafasi yangu, mara hamsini na tatu, kila Alhamisi, na mlango umefungwa. Sijui ilikuwa Alhamisi ya ngapi nilipojisikia nikiwa nimeshika mwiko, mdomo wangu ukisema wenyewe, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu."

Leo watu wa parokia wananisifu kwa miaka 34 ya ukatekista. Mimi najua nani alinibeba ile miezi kumi na tisa, na najua nani alimtuma.

Kwa jirani yako nenda kwa upole, kwa sababu anampenda Yesu na hilo ni kubwa. Lakini Paulo anapoongea juu ya wokovu anatumia -li-, -na- na -ta- zote tatu: "tuliokolewa kwa taraja" (Warumi 8:24), "sisi tunaookolewa" (1 Wakorintho 1:18), "tutaokolewa" (Warumi 5:10). Yeye mwenyewe, mtume aliyeona aliyoyaona, aliandika kwamba anautesa mwili wake asije akawa mtu wa kukataliwa baada ya kuwahubiri wengine. Aliwaandikia hayo Wakorintho, watu waliokuwa wakienda kutazama michezo ya Isthmia pale karibu na mji wao na kuona washindi wakivikwa taji za majani. Sisi tulio karibu na wakimbiaji wa Iten hatuhitaji kuambiwa kwamba mtu anaweza kuongoza kilomita arobaini akaanguka kwenye mbili za mwisho. Trento ilisema hakuna mtu, bila ufunuo wa pekee, awezaye kudai kwa uhakika usioweza kukosea kwamba atadumu mpaka mwisho. Na kwenye fundisho hilo hilo ikaongeza kwamba wote tunapaswa kuweka tumaini imara kabisa katika msaada wa Mungu. Jirani yako ameisikia sentensi ya kwanza. Naogopa hata wewe umeisikia hiyo tu. Ya pili ndiyo ya kulalia usiku. Kibarua asiyejua kama atalipwa ni yule ambaye hamjui bwana wake. Wewe unamjua.

Na mume wako hakufa na uhakika kuliko wewe. Alikufa na huruma, ile ile unayoinywa wewe kila Jumapili.

Mwangalie Monika, mama yake Agostino. Mumewe Patrisi hakuwa Mkristo, alikuwa na hasira za haraka na hakuwa mwaminifu kitandani. Alibatizwa karibu na mwisho wa maisha yake, baada ya miaka mingi ya mkewe kusali. Mtoto wao akabatizwa Milano Pasaka ya mwaka 387, na mwaka huo huo Monika akafa Ostia akiwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake, njiani kurudi Afrika. Mwanawe mwingine alipotamani mama asifie ugenini, Monika alisema wauzike mwili wake popote, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Huyo hakumwonea mumewe kijicho kwa saa yake ya jioni. Alikuwa ameiomba. Dada, nani alimwomba Mungu saa kumi na moja ya mume wako, miaka yote ile, kama si wewe? Unapouliza thawabu yako ni ipi, sehemu yake imelala kaburini imetulia kama mtoto aliyeshiba. Usiache kumwombea. Padre alimwondolea hatia, lakini madhara ya dhambi bado yanahitaji kutakaswa, ndiyo maana tunaamini toharani na tunatoa Misa kwa marehemu. Bado unaweza kumsaidia, na sasa hawezi kukupiga.

Neno hilo la mwisho siwezi kulipita. Miaka mingi iliyopita msichana wa ndoa changa alinijia na mdomo umepasuka, nikamwambia, "Vumilia, taji yako iko mbinguni." Nilikosea, na nimeungama. Kuvumilia ambako Yesu aliahidi kukuthawabisha ni kushika imani na upendo. Si kukaa kimya chini ya fimbo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi aliye katika hatari kubwa ya roho au mwili kuishi mbali na anayemhatarisha, na ndoa yake ikabaki ndoa. Ulipokimbilia Ahero hukupungukiwa na taji hata jani moja. Kama una binti au mkamwana anayesoma haya kupitia bega lako, namwambia yeye pia.

Mtume Yakobo anaandika kwamba mwenye kustahimili ataipokea taji ya uzima, "Bwana aliyowaahidia wampendao." Hakusema waliochoka zaidi. Wampendao. Jiulize jioni moja, ukiwa peke yako, kama katika ile miaka ulimpenda. Nimesoma barua yako mara tatu, na jibu nadhani ninalo.

SWALI

Mama Katekista, nina miaka 24, natoka Kakamega. Nilitumikia altare miaka tisa, nikawa kwenye kwaya. Kisha nikahamia Eldoret, nikaanza kuishi na msichana bila ndoa, sakramenti nikaziacha kabisa. Imekuwa miaka mitatu. Nataka kurudi, lakini nasikia dhambi ya mauti inafuta mema yote. Je, naanza sifuri?

Kijana, Kakamega

JIBU

Huanzi sifuri, mwanangu. Nabii Ezekieli sura ya 18 anasema kweli kwamba mwenye haki akiiacha haki yake, matendo yake hayatakumbukwa. Ndiyo uliyoyasikia. Lakini sura hiyo hiyo, aya chache kabla, inasema mwovu akighairi, maovu yake hayatakumbukwa. Kanisa linafundisha kwamba mema uliyoyatenda katika neema yanafishwa na dhambi ya mauti, hayateketezwi. Ukirudi kwa toba, yanarudi hai pamoja nawe. Papa Pius wa 11 aliliandika hilo mwaka 1924 alipotangaza Jubilei ya mwaka 1925. Umewahi kuona shina la mgomba lililokatwa kwenu wakati wa kiangazi? Mvua ikija, hakuna anayepanda upya.

Asubuhi zile ulizoamka gizani kuwasha mishumaa Mungu amekutunzia. Tatizo lako si hesabu ya zamani, ni uamuzi wa sasa: huyo msichana na wewe mnafunga ndoa, au mnaachana kwa heshima? Ongea naye kwanza, kwa sababu naye ana roho. Halafu mtafute padre kabla ya Jumapili, usingoje mpaka uhisi umekuwa msafi. Nimeona wengi wakingojea usafi huo nje ya mlango wa bafu.

SWALI

Mama, shikamoo. Baba yangu ana miaka 84, tunaishi naye Bahati, Nakuru. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya miaka mingi, mtu wa sala. Sasa ugonjwa wa kusahau umemchukua. Hanitambui. Baba Yetu ameisahau. Juzi tulipompeleka kanisani alimtukana padre kwa sauti, tukatoka naye nikilia. Yesu alisema mwenye kuvumilia hata mwisho ndiye atakayeokoka. Je, baba yangu amevumilia, au ameangukia mwishoni?

Binti, Nakuru

JIBU

Marahaba, binti yangu. Pole, pole sana. Hajaanguka. Ili mtu apoteze urafiki na Mungu lazima ajue na atake, na baba yako sasa hajui wala hataki matusi yale. Ugonjwa ndio ulioyatamka. Ubatizo ulimtia alama isiyofutika, Katekisimu inasema hivyo namba 1272, na kama dhambi yenyewe haiwezi kuifuta alama hiyo, kusahau kutaifutaje? Alidumu alipokuwa na nguvu za kudumu. Sasa kudumu kwake kumeshikwa na mikono mingine, na baadhi ya mikono hiyo ni yako unayemwosha na kumlisha.

Mwite padre nyumbani, ampe Mpako wa Wagonjwa hata kama hataweza kujibu. Sakramenti hiyo anapewa pia mgonjwa ambaye akili zimemtoka, kama angeiomba alipokuwa mzima, na baba yako bila shaka angeiomba. Hali ikizidi kuwa mbaya, anaweza kupakwa tena. Usimlazimishe kwenda kanisani kwenye watu wengi, kelele zinamtisha.

Yule bibi wa kunde niliyemtaja juu, nilikuwa naye siku zake za mwisho. Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya sauti na karibu kila kitu. Padre alimpa kipande cha Ekaristi kidogo kama punje ya mtama na kijiko cha maji, akameza kwa shida. Baadaye nikabaki naye, nikamwekea rozari mkononi, nikasema nusu ya Salamu Maria, nikanyamaza kama alivyokuwa akinyamaza yeye mlangoni kwangu. Hakujibu. Nikangoja. Kidole chake gumba kikasogea punje moja.

Kama baba yako alisali utotoni kwa lugha ya nyumbani, tumia lugha hiyo, kwa kuwa sala za mama huondoka za mwisho. Kaa karibu naye jioni hii, taa zikiwa chini, umshike mkono. Sema nusu ya kwanza, uachie pale "amebarikiwa." Nafasi yake usiijaze upesi.